Dahlia Chini ya Viazi vya Bibi Häfele

Jumamosi, 9 Novemba

Jalidi, ule umande ulioganda, imeanguka usiku. Asubuhi bustani yote imeungua nyeusi, majani ya maua yangu ya dahlia yananing'inia kama matambara ya jikoni. Habari njema. Ndiyo saa ya kung'oa mizizi.

Nikafika kiwanjani, kwenye bustani za chama, saa mbili. Bwana Rapp alikuwa ameshafika tangu saa moja, bila shaka. Rapp anakaa ghorofa ya juu yetu, kiwanja chake kinapakana na changu, na popote niendapo ana tabia ya kuwa ameshafika. Akanisalimu kwa kuinua jembe. Nami nikainua langu. Hatujagombana hata siku moja, na hilo ndilo linaloniudhi.

Nikaanza na zile dahlia za kawaida, aina tisa, ili Rapp asijue nimefuata nini. Mwisho nikazunguka nyuma ya kibanda, kwa Malkia. Malkia nimempata mwenyewe kwa mbegu, na duniani yuko mmoja tu. Rangi ya asali, na nyuma ya kila petali pana zambarau. Mizizi yake imenona, imeshikana kama vidole vya mkono mmoja.

Agosti ijayo chama chetu cha bustani kinatimiza miaka mia. Ua moja litachaguliwa kuwa ua la jubilei, na mwenye ua atalipatia jina mbele ya watu wote. Langu litaitwa Hannelore. Agosti hiyohiyo mimi na Hannelore tunatimiza miaka arobaini ya ndoa. Tulipotimiza thelathini nilimpa ngazi. Ilikuwa ngazi nzuri, ya alumini, lakini naona hajaisahau. Safari hii nataka nifanye jambo lenye heshima. Nataka nimwone uso wake jina litakapotajwa. Hilo tu.

Tatizo: alale wapi. Dahlia akiachwa ardhini, baridi inamuua. Anataka giza na baridi ya nyuzijoto tano hivi hadi Mei. Sehemu yangu ya stoo, chini ya nyumba, iko ubavuni mwa boila. Nyuzi kumi na tisa. Hapo mizizi inanyauka kabla ya Krismasi. Mwaka juzi niliilaza kwenye beseni la kuogea. Mwaka jana chini ya kitanda cha wageni, akaja dada yake Hannelore akalala na buibui. Hannelore amesema mwaka huu mchanga ukiingia ndani ya nyumba, yeye anatoka. Hakupaza sauti. Akipaza sauti huwa siogopi.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimepiga hesabu ya stoo. Nyumba yetu ina familia tatu na stoo tatu, zimetenganishwa kwa mbao tu. Yangu ina boila. Ya Rapp ina dirisha bovu, amelifunga kwa blanketi na kutundika kipimajoto, anajidai nyuzi nane. Ya Bibi Häfele wa chini ina sakafu ya udongo mtupu. Nyuzi tano, Novemba hadi Machi. Humo ameweka viazi na mitungi ya jamu, basi. Baridi yote ile inaharibika bure.

Nikateremka, nikabisha hodi, nikamwomba kona moja tu. Bibi Häfele ana miaka themanini na tatu na hapendi kusema hapana. Akasema pole sana, Bwana Eugen, Bwana Rapp naye aliniomba kona hiyohiyo mwezi uliopita nikamkatalia, sasa nikikupa wewe nitamtazama kwa macho gani ngazini? Kisha akalalamika habari ya goti. Mwaka huu goti limemzuia kwenda shambani kwa mkulima wake, stoo yake haina hata kilo mbili za viazi.

Nikapanda ngazi polepole, nimeshindwa. Kwenye kidato cha saba wazo likanijia. Nikasimama kidogo ili lisidondoke.

Jumanne, 12 Novemba

Tayari! Kreti nimeitoa kwenye sanduku la Chukua Bure, lile lililo chini ya ngazi, ambamo kila mtu huweka asichokitaka na mimi peke yangu ndiye huchukua. Chini ya kreti: Malkia, ndani ya vumbi la mbao, amefungwa uzi wa sufu wa buluu. Dahlia zangu zote huzifunga kwa uzi huo tangu sweta ya Hannelore ilipoliwa na nondo. Juu ya Malkia, magazeti manne. Juu ya magazeti, kilo kumi na mbili za viazi. Kijiti cha jina nimekitoa, adui asije akasoma.

Bibi Häfele alishika mashavu. Akasema tangu afariki Gotthilf wake, miaka kumi na moja sasa, hajapata kuletewa viazi na mwanamume. Akanipa ufunguo nikavitue mwenyewe, na akanisisitiza nichague pembe yenye baridi zaidi. Amenisisitiza yeye!

Hesabu: mwanamke mmoja mwenye goti bovu, viazi viwili kwa siku. Mpaka ayafikie magazeti ni katikati ya Januari, na kabla ya hapo nitakuwa nimeongeza. Malkia analala kwenye nyuzi tano, na anayemlinda ni yuleyule aliyenikatalia. Akili ni mali.

Jumapili, 24 Novemba

Bibi Häfele amebisha hodi akiwa na bakuli la saladi ya viazi. La kulisha watu sita. Shukrani zake, kasema. Hapa kwetu sahani hairudi tupu, na kinachorudi lazima kizidi kidogo kilichokwenda, la sivyo mtu halali.

Hannelore akasema saladi ndiyo hii sasa, inang'aa, supu aliyoimwagia imeingia mpaka ndani ya kiazi, hata mama yake hakuifikia. Nikala sahani mbili. Katikati ya sahani ya pili nikasimamisha uma. Nikamuuliza Hannelore, kwa sauti ya mtu asiyejali, saladi kama hii inakula viazi kiasi gani. Akasema kilo tatu, si chini ya hapo.

Uma nikauweka chini. Nilikuwa ninakula paa la nyumba ya Malkia.

Jumatano, 4 Desemba

Wiki iliyopita nilipeleka kilo tano kuziba pengo. Bibi Häfele akasema mimi ni mtu wa ajabu. Leo amerudisha: bakuli kubwa kuliko la kwanza kwetu, na bakuli jingine kwa Rapp, kwa kuwa haiwezekani harufu ipande hadi ghorofa ya juu na mtu asionje. Kilo sita kwa jumla. Yaani nimeingiza tano, zimetoka sita.

Rapp akanishukuru ngazini kwa viazi nisivyompa. Akaniuliza ni vya aina gani. Akaniuliza vimetoka wapi, maana haoni kama mwaka huu nilipanda viazi. Anaona mambo mengi mno mtu huyu. Nikamwambia vimetoka kwa shemeji.

Shemeji yangu ana duka la miwani mjini Bremen.

Jumatano, 11 Desemba

Nimepeleka kilo kumi. Nimevaa kofia hadi machoni, nimepitia mlango wa nyuma, na bado nimekutana na Rapp. Akanishikia mlango.

Ijumaa, 20 Desemba

Siku ya hatari. Asubuhi Bibi Häfele ananiita. Amesema kwa jinsi Mungu alivyomjalia viazi mwaka huu ingekuwa dhambi kuvila peke yake, basi ameahidi kupika saladi ya karamu ya kwaya. Watu thelathini. Je, Bwana Eugen ataweza kumpandishia kreti yote jikoni?

Kreti yote. Nikasema hakuna wasiwasi, Bibi, nikashuka ngazi hatua mbilimbili.

Nilikuwa na dakika moja. Nyuma ya mitungi ya jamu pana sanduku la mbao lenye herufi G.H. za rangi nyeupe. La marehemu Gotthilf. Nikainua kifuniko: magunia makuukuu, vigingi, kamba, vumbi la miaka. Nikamlaza Malkia chini ya magunia pamoja na vumbi lake la mbao, nikakifunga kifuniko, nikapandisha kreti jikoni uso mkavu. Bibi akanipa biskuti za Krismasi. Nikamwuliza, kwa mzunguko, kama yale makorokoro ya stooni yanamsumbua, nimtupie. Akasema la, lile sanduku ni la Gotthilf, hajalifungua tangu mazishi na hana moyo wa kulifungua.

Vizuri sana. Nimemkosea Malkia kumlaza chini ya viazi tangu mwanzo. Mahali pake ni hapa hasa. Sipeleki tena kiazi hata kimoja.

Jumapili, 12 Januari

Jioni hii kibao cha Wiki ya Kufagia kimetundikwa mlangoni mwetu. Wiki moja Bibi Häfele, wiki moja sisi, wiki moja Rapp. Anayekutwa na kibao anafagia ngazi na ukumbi wa stoo, na theluji ikianguka anaipiga koleo njia nzima kabla ya saa moja asubuhi. Redio imesema inakuja ya sentimita ishirini. Mgongo wangu hauko sawa tangu ile kreti.

Nikafikiri. Rapp amerudi leo mchana kutoka kwa binti yake mjini Ulm, alikokaa tangu Krismasi. Hawezi kuwa na hesabu ya wiki kichwani. Nikangoja Hannelore aingie bafuni, nikavua viatu, nikapanda ngazi kwa soksi. Sasa kibao kinaning'inia kwa Rapp. Mtu wa kanuni haulizi kibao kimetoka wapi. Anachukua ufagio.

Jumatano, 15 Januari

Theluji imeanguka kama walivyosema. Saa kumi na mbili unusu nikaamshwa na sauti ya koleo. Nikajifunika vizuri zaidi. Koleo la mtu mwingine lina sauti ya kubembeleza.

Baadaye nikachungulia. Rapp amesafisha njia mpaka ukingo, na kama hiyo haitoshi amechimba kijia cha Bibi Häfele hadi kwenye pipa lake la taka, jambo ambalo halimo kabisa katika kanuni za nyumba. Bibi akamtolea kahawa mlangoni. Hannelore alikuwa amesimama dirishani muda mrefu. Akauliza kama hii si wiki yetu. Nikamwambia mwaka mpya huwa unavuruga hesabu. Akanitazama kwa yale macho anayoitazamia ile ngazi ya alumini.

Jumamosi, 22 Februari

Siku nyeusi.

Februari ndipo akina mama wa hapa hushuka stooni kuvipangusa viazi. Kimoja kimoja, wanaking'oa kila kichipukizi kwa kidole gumba, viazi vifike Mei bila kuota. Bibi Häfele alikuwa na viazi vyangu vilivyobaki, basi akashuka naye. Akiwa amechuchumaa, goti likamsaliti. Akashika sanduku la Gotthilf asianguke. Kifuniko kikaja, na magunia pamoja nacho.

Aliita nyumba nzima. Tulipofika, mimi, Hannelore na Rapp, tulimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, Malkia yuko mapajani mwake, na machozi yanamtoka. Akasema, "Tazameni wanangu. Dahlia ya Gotthilf. Miaka kumi na moja gizani, na bado i hai."

Malkia alikuwa hai kweli. Hana hata kunyanzi moja. Macho mawili ya waridi, ya kuchipua, yameanza kuvimba shingoni. Miaka thelathini ninalaza dahlia na sijawahi kumlaza hata mmoja vizuri namna ile. Karibu nami nilie.

Nikafungua kinywa. Niseme nini? Kwamba Gotthilf hahusiki? Kwamba kilo ishirini na saba za viazi hazikuwa wema? Mama wa watu analia kwa furaha, ameshika mizizi yangu kama ameshika mkono wa mumewe. Nikafunga kinywa. Niandike kwa haki yangu kwamba nilikifunga kwa huruma. Kwa sehemu kubwa.

Rapp akainama akautazama uzi wa buluu. Akautazama kwa muda. Kisha akanitazama mimi. Kisha akasema, taratibu kabisa, stoo nzuri ni stoo nzuri, Bibi. Hannelore naye akauona uzi, akashikwa na kikohozi, akapanda juu leso mdomoni, na kikohozi chake tulikisikia hadi ghorofa ya kwanza. Stoo ile ina vumbi sana. Namshukuru Mungu hawakugundua kitu.

Halafu pigo lenyewe. Bibi Häfele akapangusa macho, akasema yeye hana bustani. Gotthilf alizipenda dahlia nyekundu, nyekundu za kawaida tu, na yeye angependa siku moja kuwa na moja kaburini kwa mumewe, ila mkono wake hauelewani na vitu vya kuatika kutoka mwanzo. Basi hii apewe anayestahili. Nikanyoosha mgongo. Akasema katika nyumba hii yumo mtu ambaye jirani yake alipoumwa mgongo alichukua kibao chake bila kuombwa. Kwa sababu yeye, Bibi Häfele, alikitundika kwa mkono wake mwenyewe mlangoni kwa Pfleiderer, yaani kwetu, na asubuhi akakikuta kwa Rapp. Na mtu huyo akapiga koleo mpaka kwenye pipa lake la taka, na hakumsimulia mtu.

Akampa Rapp.

Rapp akasema ah, Bibi, ni kibao tu kile. Hata hakupinga vya kutosha.

Kilikuwa kibao changu. Nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe.

Jumapili, 23 Februari

Sikulala. Nina njia mbili. Ya kwanza ni kusema ukweli. Nimeifikiria kwa haki na nimeikataa. Ya pili ni kumbadilisha Malkia. Ninayo dahlia moja nyekundu ya kawaida, mnene vilevile, nikamfunga uzi wa buluu. Rapp alipokwenda kanisani nikashuka stooni. Kreti yake iko karibu na ukuta wa mbao. Mkono unapita kati ya mbao na mbao hadi kiwiko, bila shida yoyote.

Kutoka, hautoki.

Nilikaa pale dakika arobaini, nimeinama, nyekundu ya kawaida iko kwenye kiganja ng'ambo ya mbao. Ibada ikaisha. Rapp akashuka kufuata chupa ya maji. Hakuuliza. Alipanda, akarudi na sabuni ya maji na taulo, akaupaka mkono hadi kwapani, akauvuta polepole kama mkunga. Nikamwambia nilikuwa ninaangalia kipimajoto chake. Akasema nyuzi nane. Akasema pia, "Jirani, siku nyingine bisha hodi tu. Mimi mlango hufungua."

Tukala chakula cha mchana. Hannelore akauliza kama kuna jambo ningependa kumwambia. Nikasema hakuna. Akanipakia mkono marhamu bila kuuliza umefanya nini. Hapo ndipo nilipojisikia vibaya hasa. Agosti inakuja na sina cha kumpa. Nina aibu, na siwezi kumwambia yeyote, kwa hiyo naiacha hapa.

Jumatatu, 7 Aprili

Muujiza. Sijui nianzie wapi.

Asubuhi hodi mlangoni. Rapp, na chungu cha udongo mikononi, na ndani ya chungu: Malkia. Mzima, hajakatwa, machipukizi mawili urefu wa kidole. Amesema kiwanja chake kimejaa maboga mwaka huu. Amesema ameshaongea na Bibi Häfele, naye ameona sawa, Gotthilf angependa dahlia yake ikae na mtu anayejua dahlia inalala wapi. Na ikitokea Agosti ua likapewa jina, alitaje yule aliyelilea, yeye kazi yake ni koleo. Kisha akanyanyua kidole kama mwalimu: "Safari hii usihangaike, Bwana Eugen. Liweke dirishani jikoni, basi. Limeshaamka. Sophie Baridi akishapita, unalipanda."

Sophie Baridi ni siku ya tarehe kumi na tano Mei. Kabla yake hakuna mwenye akili hapa anayetoa mche nje, jalidi inaweza kurudi. Wiki tano tu.

Mtu gani anamtoa Malkia kwa mkono wake mwenyewe? Hana habari kabisa alikuwa na nini nyumbani kwake. Karibu nimhurumie.

Hannelore alikuwa nyuma yangu. Nikageuka kujitetea, akasema chungu kimoja dirishani hakimsumbui mtu, na maji atakuwa anamwagia yeye. Akasema pia kwamba ngazi ile ya alumini anaitumia kila wiki, kwa hiyo nisijitese sana na Agosti. Sijui habari ya Agosti ameipata wapi. Akanipiga kidogo begani, akaenda zake. Nilibaki jikoni muda mrefu nimekishika chungu, nimefurahi kuliko nilivyofurahi siku nyingi.

Jumamosi, 10 Mei

Hali imebadilika. Rapp alikuja kunywa kahawa. Alikitazama chungu mara tatu. Mara ya tatu akasema, "Kanawiri." Akatabasamu.

Mtu hatabasamu hivyo bure. Amejua alichotoa, na sasa anajuta. Dirisha la jikoni liko wazi kwa kila anayekunywa kahawa. Siku tano zimebaki na yeyote anaweza kuingia.

Nimefikiri mchana kutwa, na nimepata mahali. Si stooni, stoo nimemaliza nazo. Ni pale chini ya ngazi, kwenye sanduku la Chukua Bure. Mbele ya macho ya wote! Humo sasa hivi mna taa mbovu, viatu vya kuteleza barafuni vya mguu mmoja, na kitabu cha kupika samaki. Tangu tuhamie, zaidi yangu sijamwona mtu akichukua kitu humo. Na kwa usalama zaidi nimechomeka kijiti kipya, nimeandika kwa herufi kubwa: DAHLIA NYEKUNDU. YA KAWAIDA TU. Nani atake hiyo?

Dirishani nimeacha chungu kama kile, nimepanda kitunguu. Hannelore atakimwagia maji asubuhi na kukisemesha kama kawaida yake. Nitamweleza baadaye.

Jumatano, 14 Mei

Kesho ni Sophie Baridi. Kesho asubuhi mapema Malkia anaingia ardhini, kabla Rapp hajafika. Shimo nimelichimba. Mbolea nimetia. Jina nimeshaliandika kwenye kibao cha shaba, limenipendeza.

Kibao kingine, cha kufagia, kilitua kwetu Jumapili. Kiko kwa Rapp. Naona anakipenda.

Mwaka huu nimejifunza jambo, na nitaliandika wajukuu waje walisome: kitu ukitaka kisalimike, kiweke hadharani na usimwambie mtu. Makosa yangu yote ya msimu wa baridi yalitokana na kuficha mno. Nilitaka kushuka nimtupie Malkia jicho, lakini nikajizuia. Ukikitazama kitu mara tatu watu wanajua thamani yake, Rapp mwenyewe amenifundisha.

Niko dirishani ninapoandika haya. Bibi Häfele anatoka, goti limepona, ana ndoo ya kumwagilia mkono mmoja na kikapu mkono wa pili. Anakwenda makaburini. Ameniona, akasimama, akaniita kwa sauti kwamba nyumba hii imejaa watu wema wanaosomana mioyo, kwamba miaka kumi na moja alikuwa anaitafuta, na kwamba saladi itakuja Jumapili. Sikuelewa. Nikampungia mkono, naye akaondoka akiimba wimbo wa kwaya.

Kikapuni mlikuwa na majani ya kijani yakichungulia. Figili, nadhani. Kwa nini mtu ampelekee marehemu figili, sijui, ila uzee ni uzee.